Mwaka Dola Ilipofika Mia na Sitini

Baba yangu alifanya kazi benki hapa Eldoret, kwenye dawati la fedha za kigeni, mpaka akastaafu. Mimi na mdogo wangu tulikua tukisikia habari za dola kama watoto wa wakulima wanavyosikia habari za mvua. Akirudi jioni alivua koti, akaketi mezani, na kabla ya kushika kijiko alituambia shilingi imeshindaje. Alipoajiriwa, dola moja ilikuwa shilingi saba na kitu, na mtu aliyetaka kusafiri nje ya nchi aliomba kibali ili abebe hata noti chache. Halafu ukaja ule mwaka wa mwanzoni mwa miaka ya tisini, shilingi ikaporomoka hadi wafanyabiashara wakawa wanasimama nje ya benki kabla mlango haujafunguliwa.

"Asubuhi tunaandika bei ubaoni, mchana tunafuta," Baba alituambia.

Mdogo wangu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa dukani, na nilikuwa nimeona bei ya sukari.

Nilimzidi umri kiasi cha kumbeba mgongoni. Mama alipofariki, nikawa mimi ndiye ninayempikia, ninayemsuka, ninayekwenda shuleni kwake siku ya wazazi Baba akibanwa na kazi. Wakati wa likizo tulikwenda Turbo, ambako Baba alikuwa amerithi ekari chache za shamba. Huko nilipalilia mahindi mpaka viganja vikawa vigumu kama vya mtu mzima. Mdogo wangu aliketi juu ya gunia akitafuna muwa, kwa kuwa alikuwa mdogo, na kwa kuwa kila aliyepita alipenda kumwona ameketi hivyo, mzuri, na miguu yake safi. Nasema haya ili ieleweke kwamba, moyoni mwangu, shamba lile lilikuwa langu.

Alipomaliza sekondari, mimi nilikuwa tayari nafundisha shule ya msingi. Jioni moja Baba alituita sebuleni. Alisema kuna chuo cha uuguzi Marekani kinachopokea wanafunzi kutoka kwetu, na kwamba ameamua kuuza shamba la Turbo ili mmoja wetu aende. Bado nilikuwa na umri wa kwenda. Alama zangu za mtihani zilikuwa nzuri kuliko za mdogo wangu, na Baba alijua hivyo.

"Huyu ndiye ataenda," akasema, akimwonyesha kwa kidevu. "Wewe tayari uko na kazi ya serikali."

"Ni sawa, Baba," nikajibu.

Hakuuza mara moja. Shilingi ilikuwa ikipata nguvu wakati ule, na Baba alisema kila inaposogea kidogo, karo inapungua bila mtu kutoa jasho. Alingoja dola ishuke kutoka sabini na kitu hadi sitini na kitu, ndipo akauza shamba, ndipo akanunua dola. Baada ya hapo alizunguka mjini akiwasimulia marafiki zake wa zamani wa benki jinsi alivyoivizia bei. Wakampa mkono. Mimi nilisimama kando na mfuko wa mboga, nikiwaza kwamba jasho lilitoka, ila halikuwa lake.

Mdogo wangu alikwenda. Akasoma, akahitimu, akaajiriwa katika nyumba ya kutunzia wazee, kwenye mji wa theluji. Kwangu mambo yalikwenda vingine. Mume wangu alifariki kabla hatujapata mtoto, nikarudi kuishi na Baba mtaani West Indies, hapahapa Eldoret, katika nyumba ileile tuliyokulia. Kisha Baba akapata kiharusi kilichoulegeza mkono na mguu wake wa kulia. Jirani yetu mmoja, mwanamume wa makamo, huja asubuhi kumwogesha, maana hilo si jambo la binti. Mengine yote ni yangu: dawa, ndevu, kucha, kumshika bega akienda msalani, na jioni kumwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu, kwa kuwa daktari alisema ule wa kulia usiachwe upoe.

Kila asubuhi nikimpelekea chai, aliniuliza jambo moja kabla ya jingine lolote.

"Dola imeamkaje?"

Hakuuliza nimelalaje. Nilifungua simu, nikamsomea bei. Wakati mwingine hakuiamini simu, akanituma nikitoka shule nipitie kwa mama mmoja Msomali mwenye duka la kubadilisha fedha mjini, nimletee bei ya huko, bei ya watu. Nilijua anachouliza hasa. Dola ikiwa juu, binti yake wa Marekani yuko vizuri, pesa anayotuma inakuwa nyingi. Mimi nilikuwa hapo mbele yake nimeshika kikombe, na yeye alikuwa anamwulizia mwingine.

Mdogo wangu alinunua kiwanja Elgon View, mtaa wa miti na magari ya binafsi, akaanza kujenga. Alisema ni nyumba ya Baba. Nani wa kusimamia? Kila Jumamosi nilivaa gambuti nikaenda kuhesabu mifuko ya saruji na kubishana na fundi, kisha nikampigia picha kila ukuta. Baba aliwaambia waliokuja kumsalimia, "Binti yangu ananijengea." Mimi ndiye niliyekuwa nikiwamiminia chai wageni hao, na mikono yangu ilikuwa bado na vumbi la saruji.

Ndipo ukaja ule mwaka dola ilipopanda bila kupumzika. Ilipita mia na ishirini, ikapita mia na arobaini, na kila ilipopanda, nyumba ya Elgon View ilipanda nayo. Kwanza mdogo wangu aliongeza chumba cha wageni. Halafu akabadilisha vigae, akataka vile vya kung'aa. Halafu akapiga simu ya video siku moja ya Jumapili, amejifunika blanketi, macho yanang'aa.

"Dada, umeona rate? Sasa tunaweza weka ghorofa!"

"Baba hawezi kupanda ngazi," nikamwambia.

"Baba atakaa chini. Juu ni ya wewe."

Nilimshukuru. Nilipokata simu, nilikaa nikitazama chupa ya mafuta ya kupikia iliyobaki kidole kimoja. Mafuta yalikuwa yamepanda, unga umepanda, nauli imepanda, na kila muuzaji alitoa sababu ileile: dola. Mshahara wangu ulikaa palepale. Dola ileile iliyokuwa inamwekea mdogo wangu vigae ndiyo iliyokuwa inanitolea mafuta jikoni, na sasa nilikuwa nikipewa chumba cha juu, kama mgeni aliyekuja na mkoba wake.

Siku ilipofika mia na sitini, mama wa duka la kubadilisha fedha alinipigia makofi.

"Mwalimu! Leo mwenye dola ni mfalme."

"Mimi sina," nikasema.

"Si una dada?"

Nilimletea Baba habari hiyo. Alitabasamu kwa ule upande wa uso unaoweza kutabasamu, akaniomba niirudie, apate kuisikia tena. Nilimtamkia polepole, tarakimu kwa tarakimu.

Kisha, mwanzoni mwa mwaka uliofuata, shilingi ikageuka. Hakuna aliyetarajia. Katika muda mfupi sana ikarudi mia na hamsini, mia na arobaini, ikaja kutulia karibu na mia na thelathini. Jumamosi moja nikamkuta fundi ameketi juu ya toroli iliyopinduliwa, hafanyi kitu. Nguzo za ghorofa zilikuwa zimesimama juu ya zege, na vyuma vyake vimechomoza uchi.

"Mwalimu, ile pesa imekuja haitoshi slab, lile zege la juu," akasema. "Ni dola zilezile, lakini zimekuwa kidogo."

"Pole," nikamwambia.

Nilirudi nyumbani, nikakata vitunguu, na nikajikuta naimba. Niliimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu, mafuta yakichemka. Sijui mara ya mwisho niliimba lini jikoni mle. Baba akaniita.

"Umefurahia nini?"

"Shilingi imepata nguvu, Baba. Si ni shilingi yetu?"

"Ni yetu," akasema, kisha akageuzia uso dirishani, nami nikarudi kwenye vitunguu vyangu. Niliimba ubeti uliobaki, ila kwa sauti ya chini.

Wiki chache baadaye mdogo wangu akatuambia anakuja. Alikuwa hajaja tangu Baba augue. Alisema ghorofa isubiri, heri hizo pesa anunulie tiketi.

Alifika likizo ya Aprili, mvua ikiwa imekazana na watu wako mashambani wanapanda. Baba alinitaka nimfunge tai. Kuku wawili walichinjwa. Nilikuwa nimejiandaa kumwona tajiri, mtu wa zile picha, na aliyeshuka kwenye gari alikuwa mwanamke aliyechoka, amekonda kuliko mimi, anayeshika goti lake akipanda ngazi mbili za mlangoni petu. Baba alilia. Tangu kiharusi kile sikuwa nimemwona akilia, hata siku alipoanguka bafuni na mimi nikamwinua peke yangu.

Jioni chache za kwanza zilikwenda kwa hadithi na wageni. Wageni walipopungua, nikachukua karai la maji kama kawaida kwenda kumwosha Baba miguu. Mdogo wangu akalipokea mlangoni.

"Lete, dada. Leo ni mimi."

Alipiga magoti vizuri, kama mtu aliyefundishwa. Alipima maji kwa kiwiko. Alipougusa mguu, Baba akauvuta.

"Hapana. Wewe ni mgeni. Ita dada yako."

"Baba, hii ndiyo kazi yangu. Kila siku naosha watu."

"Hapa si kazini," Baba akasema. "Ita dada yako."

Mdogo wangu akainuka, akapita kando yangu kwenda jikoni. Nilimwosha Baba miguu. Sitaficha kwamba maji yale yalikuwa matamu mikononi mwangu. Nilichukua muda mrefu, nikapaka mafuta kila kidole, nikajua yuko jikoni ananisikia nikiongea na Baba kwa upole.

Nilipoingia jikoni nilimkuta ameegemea sinki, kanga yangu usoni.

"Kuna mzee mmoja huko," akasema. "Ananiita kwa jina la binti yake. Namkata kucha, namlisha, ananishika mkono. Na kila siku nikimshika mguu nawaza, dada yangu saa hii ameshika wa Baba. Nakuonea wivu mpaka chakula hakipiti."

"Wivu?" Nilidhani sikusikia vizuri. "Wivu wa nini? Wa kubeba karai?"

"Ndiyo. Wa kubeba karai."

Nilicheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Nikamwambia kila kitu. Nilimwambia shamba la Turbo nililima mimi. Nilimwambia alama zangu zilikuwa juu ya zake. Nilimwambia kwamba kila asubuhi naulizwa habari za pesa zake kabla sijaulizwa kama niko hai, na kwamba dola iliposhuka niliimba.

"Uliimba?"

"Niliimba."

Aliiweka kanga kando. Halafu akasema, "Kwani ulitaka kwenda wewe?"

"Nilitaka."

"Hukusema."

"Hakuna aliyeniuliza."

Sebuleni redio ya Baba, ambayo huachwa ikisema mpaka alale, ilikuwa imezimwa. Hatukujua imezimwa tangu saa ngapi.

Asubuhi nilimpelekea Baba chai. Hakuuliza bei. Aliniambia niketi, na mimi huwa siketi asubuhi.

"Nimesikia jana," akasema. "Ile siku sikusema ukweli wote. Kazi ya serikali haikuwa sababu. Nilijiuliza, nikizeeka, nikiugua, nataka nani awe kwa hii nyumba? Nikajijibu. Baada ya kujua nani atabaki, ndio nikajua nani ataenda."

Alisema hivyo kama mtu anayenipa zawadi aliyoitunza miaka mingi. Nami niliketi pale nikiwa sijui kama nimshike mkono au nivunje kikombe. Alinipenda zaidi, na kwa ajili hiyo akanifungia mlango. Hakuna benki ambayo ingenibadilishia kitu kama kile kikawa kitu kingine. Nikamwambia, "Chai inapoa, Baba," akanywa.

Siku hiyohiyo nilimwambia mdogo wangu kwamba nasafiri. Bado kulikuwa na siku za likizo, na mwalimu mwenzangu wa kike alikuwa na shangazi Jinja, ng'ambo ya mpaka, ambaye alikuwa akitualika kila mwaka nami nikikataa kila mwaka.

"Na Baba?" akauliza.

"Si unamtaka? Mchukue."

Mpakani Malaba nilibadilisha pesa. Maisha yangu yote nimesikia habari za fedha za kigeni, na ilikuwa mara ya kwanza kununua zangu mwenyewe. Baba aliwahi kutueleza kwamba shilingi ya Kenya na ya Uganda zilipoanza zilikuwa sawa, moja kwa moja, kisha kila moja ikashika njia yake. Sasa nilitoa noti zangu chache, na yule kijana wa kubadilisha fedha akanipa bunda la noti ndogondogo lililonifanya nitazame nyuma kama mwizi. Elfu tano yangu ilikuwa imegeuka zaidi ya laki moja. Mkoba haukufungika. Mwenzangu alinicheka hadi akaketi chini.

Nilijua kwa akili kwamba Jinja bei nazo ni za maelfu kwa maelfu, kwamba bunda lile si utajiri. Lakini mkono haujui hesabu. Niliagiza samaki mzima peke yangu. Nilinunua kitenge bila kuuliza mara mbili. Mama aliyeniuzia alizitazama noti zangu, kisha viatu vyangu, kisha akauliza, "Nyie Wakenya, pesa yenu ni nzito, ee?" Niliijua sauti ile. Ilikuwa yangu. Nikataka kumwambia kwamba mimi ni mwalimu tu, mjane, kwamba nyumbani naosha chupa ya mafuta kwa maji ya moto ili nipate tone la mwisho. Sikumwambia. Nilijinyoosha, nikaongeza mita nyingine mbili. Nikiwa natoka nilimwelewa mdogo wangu na ghorofa yake, na kumwelewa hakukunifanya nimpende zaidi siku ile, ila nilimnunulia kitenge kama changu.

Nilirudi Eldoret siku niliyosema nitarudi. Nilipofungua mlango, nilisikia kicheko cha Baba. Alikuwa ameketi sebuleni, taulo mabegani, miguu yote miwili ndani ya karai, na mdogo wangu amesimama nyuma yake na mashine ya kunyolea. Alikuwa amemnyoa kichwa vizuri, mstari umenyooka nyuma ya sikio. Kucha zilikuwa fupi. Hata kola ya shati ilikuwa imepigwa pasi.

"Mbona umerudi mapema?" Baba akauliza.

Kitu kikanichoma hapa, chini ya titi, kilekile cha siku zote. Mdogo wangu akanyoosha mkono kunipa taulo, uso wake una hofu kidogo.

"Endelea," nikamwambia. "Umeanza, maliza."

Nikaingia jikoni. Vikombe vilikuwa vimepangwa upande mwingine wa kabati, sufuria kubwa imetundikwa pasipo pake. Nilivitoa vyote, nikavirudisha kama nilivyozoea mimi, nikivigonganisha ili nisikike. Baadaye alikuja akasimama mlangoni, akanitazama nikimaliza, akaniuliza kitenge kile ni cha nani. Nikamrushia.

Kabla hajaondoka tulikwenda wote watatu kuona nyumba ya Elgon View. Baba alitembezwa vyumba vya chini, akagusa vigae, akasema vinateleza, akaomba arudishwe kwake. Basi ikaamuliwa palepale, kwenye gari. Nguzo za juu zitakatwa, paa liwekwe hapo hapo chini, nyumba ipangishwe. Imepangwa na daktari mmoja na familia yake. Kodi inakuja kwangu kila mwezi, kwa shilingi. Mdogo wangu ndiye aliyetaka iwe hivyo. Nilichukua muda kumwambia asante, na nilipomwambia, alijifanya simu inakatika ili nirudie.

Siku hizi mimi ndiye ninayemnyoa Baba kichwa. Hakutaka kurudi kwa kinyozi tena. Mdogo wangu aliniachia ile mashine, na jioni ya kwanza nilipoiwasha nikaanzia mbele, juu ya paji la uso, kama nilivyodhani watu wote huanza.

"Mdogo wako huanzia nyuma," Baba akasema.

Nilizima mashine. Kisha nikaiwasha tena, nikamwinamisha kichwa taratibu, nikaanzia nyuma.